Mizani Mbili za Sarafu za Kale

Miongoni mwa maneno ambayo mwalimu wa Kiswahili hulazimika kuyaeleza mara kwa mara darasani, neno "fedha" lina taabu yake ya pekee. Mwanafunzi akiuliza maana yake huambiwa kwamba fedha ni pesa. Akifungua kamusi hukuta kwamba ni madini meupe yafuliwayo bangili na mikufu. Majibu yote mawili ni sahihi, wala jambo hili si letu peke yetu. Waamhara huiita sarafu yao birr, na asili ya neno hilo kwao ni madini hayohayo. Wakongo waliosoma kwa Kifaransa wanajua kwamba argent ni vyote viwili. Waganda walilichukua neno letu wakalitamka ffeeza, lakini wao waliliacha kwenye madini, kwa kuwa pesa walikwisha kuziita ensimbi, yaani kauri.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo lililojificha ndani ya neno hilo. Sarafu ya kale hupimwa kwa mizani mbili. Ya kwanza ni mizani ya sonara, ambaye huuliza ni kiasi gani cha fedha kilichomo ndani yake. Ya pili ni jicho la mkusanyaji, ambaye huuliza imechakaa kwa kadiri gani, na ngapi za namna yake zimesalia duniani. Mizani hizi mbili aghalabu hazikubaliani, na mwenye sarafu asiyejua kwamba zipo mbili huuza kwa ile iliyo karibu naye, iwe inamfaa au haimfai.

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Kinyarwanda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Kwa muda mrefu eneo hilo lilihesabiwa kuwa sehemu ya Mbarara. Tangu mwaka 2006 limo katika wilaya ya Isingiro. Leo wanaishi huko watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Mwalimu akisikiliza vizuri atasikia historia ya sarafu katika vinywa vya wauzaji. Mrundi husema amahera, neno lililotokana na heller ya Wajerumani, ile ile iliyotuachia "hela". Mnyarwanda husema amafaranga, na Mkongo faranga au makuta. Faranga zililetwa na Wabelgiji, na makuta yalikuwa sehemu ndogo za zaire iliyoanzishwa mwaka 1967. Mnyankore husema esente. Nasi tunasema pesa, kutokana na paisa ya Wahindi. Karibu kila neno hapo ni jina la sarafu iliyokwisha kufa, ambalo watu wamekataa kulizika.

Tuanze na rupia, kwa kuwa ndiyo iliyofika Ankole ikiwa na amri ya serikali nyuma yake. Kabla yake Mnyankore alihesabu utajiri wake kwa ng'ombe, na biashara ndogondogo iliendeshwa kwa kauri, shanga na chumvi. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya nyumba kuwa rupia 3 kwa mwaka, na Ankole nayo ikaingizwa katika utaratibu wa Waingereza kwa mkataba wake wa mwaka 1901. Kodi ndiyo iliyomfanya mtu wa kawaida aitafute rupia, si uzuri wa sura ya Malkia Victoria iliyochorwa juu yake.

Rupia ya Kihindi ilikuwa na uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66, na katika kila sehemu 12 za uzito huo sehemu 11 zilikuwa fedha safi. Kwa hesabu hiyo, fedha iliyomo ni gramu 10.69. Rupia ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, iliyopigwa Birmingham mwaka 1888 ikaandikwa jina la Mombasa, ilifuata kipimo hicho. Ile ya Kampuni ya Kijerumani, iliyoanza mwaka 1890, nayo ilikifuata. Kampuni hizi zilishindana katika kila jambo jingine, lakini hapo hazikuthubutu kutofautiana, maana mfanyabiashara wa Kihindi alijua tola yake na asingekubali pungufu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, bei ya fedha ilipanda duniani. Rupia ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikihesabiwa 15 kwa pauni moja ya Kiingereza ikapanda hata ikapita shilingi mbili. Walowezi wa Kenya, ambao madeni yao yalikuwa kwa rupia na mauzo yao kwa pauni, walipiga kelele. Mwishoni mwa mwaka 1919 ikaundwa huko London Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na mwaka 1920 Bodi ikatoa florini badala ya rupia. Florini ilikuwa na uzito uleule wa gramu 11.66, lakini nusu tu ilikuwa fedha. Haikudumu. Mwaka 1921 ikaamuliwa kwamba kipimo kiwe shilingi, mbili kwa florini moja. Na shilingi hiyo, yenye simba aliyesimama mbele ya milima, ilikuwa na uzito wa gramu 7.78, na robo yake tu ndiyo fedha.

Hebu tufanye hesabu hiyo polepole, maana humo ndimo kilimo kiini cha makala haya. Aliyekuwa na rupia moja alishika mkononi gramu 10.69 za fedha. Alipopewa florini badala yake, alishika gramu 5.83. Alipopewa shilingi mbili badala ya florini, alishika gramu 3.89. Dukani Mbarara tofauti hiyo haikuonekana, kwa kuwa serikali ilikwisha kutamka kwamba vitu hivyo vitatu ni thamani moja, na mwenye duka na mtoza kodi wote wawili walilikubali neno la serikali. Lakini serikali ile imekwisha kuondoka pamoja na matamko yake. Kilichobaki ni madini. Mzee aliyechelewa kubadilisha rupia zake akazifukia chini ya kitanda, siku ile alionekana mjinga. Kwa sheria alipoteza kila kitu. Wajukuu wake wakizifukua leo watakuta kwamba kila rupia ina fedha karibu mara tatu ya shilingi mbili alizokataa kuzipokea.

Shilingi ya robo fedha iliendelea kupigwa hadi mwaka 1946. Kuanzia mwaka 1948 haikuwa na fedha kabisa. Ilikuwa shaba na nikeli. Kwa macho hazitofautiani sana: simba ni yuleyule na ukubwa ni uleule. Anayejua kusoma mwaka ulioandikwa hapo amekwisha kujua jambo la kwanza ambalo sonara angependa kulijua. Sarafu za kawaida za Benki ya Uganda, zilizoanza kutolewa mwaka 1966, hazikuwa na fedha pia, ingawa mwaka 1969 zilipigwa sarafu za ukumbusho za fedha na dhahabu kwa ajili ya ziara ya Papa Paulo wa Sita. Hizo hazikupigwa kwa ajili ya kununulia chumvi.

Sasa tugeukie reale, ambayo kwa mwalimu wa lugha ina utamu zaidi. Sarafu hii ya Maria Theresia, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780, ilizunguka Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Somalia, Arabuni na pwani yetu kwa zaidi ya karne moja. Waswahili waliiita reale ya Sham, ili kuitenga na reale ya mzinga ya Wahispania, ambayo nguzo zake mbili watu waliziona kama mizinga. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha iliyomo ni sehemu 5 katika kila 6, yaani gramu 23.39. Watu wa kale waliiamini hata wakaifanya jiwe la mizani: wakia moja ilikuwa ni uzito wa reale moja, na wakia 16 zilifanya ratli. Ukiyatazama hayo utaona kwamba hapo mwanzo kuhesabu pesa na kupima uzito lilikuwa tendo moja. Hata pesa ya shaba ya Seyyid Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ilichorwa picha ya mizani.

Yafaa tuongeze neno juu ya thumuni, ambalo wengi wetu tulilijua kama jina la senti 50 bila kujiuliza limetoka wapi. Thumuni ni sehemu ya nane. Ya nane ya nini? Si ya shilingi, maana senti 50 ni nusu yake. Lakini reale moja ilikuwa takriban rupia mbili. Rupia ilipogeuzwa kuwa shilingi mbili, reale ilifanya takriban shilingi nne, na sehemu ya nane ya shilingi nne ni senti 50. Shilingi ikaja juu ya reale, lakini mgawanyo wa reale ukabaki mdomoni.

Reale, hata hivyo, ina hila yake. Mwaka 1780 ulioandikwa juu yake hausemi ilipigwa lini. Wateja wa Bahari ya Shamu walikataa sarafu yenye mwaka mwingine, walihesabu hata lulu za bizimu ya malkia kabla ya kuipokea, na kwa hiyo Vienna iliendelea kuipiga kwa mwaka uleule bila kubadilisha. Katika miaka ya 1930 Mussolini alijipatia haki ya kuipiga Roma kwa sababu ya vita yake ya Uhabeshi, na Waingereza wakajibu kwa kuipiga London na baadaye Bombay. Mamia ya mamilioni yametoka, na zingali zinapigwa. Kwa sababu hiyo mwenye reale aambiwaye kwamba ana kitu cha zaidi ya miaka mia mbili asikimbilie kuamini. Karibu daima thamani yake ni fedha iliyomo, na jicho la mkusanyaji huongeza kidogo tu. Reale ya Seyyid Barghash ni kinyume chake: ilipigwa Ubelgiji mwaka 1882, ilikuwa chache, watu waliizoea ya Sham wasiitake hii, nyingi zikarudi kwenye moto. Leo wakusanyaji huitafuta kwa bei isiyolingana hata kidogo na fedha yake.

Za majirani wengine tuzipitie upesi. Birr ya Menelik ilikaribia reale kwa uzito na kwa usafi wa fedha. Faranga 5 za Leopold wa Pili, zilizopigwa kwa ajili ya Kongo tangu mwaka 1887, zina uzito wa gramu 25, na sehemu 9 katika 10 ni fedha. Faranga 50 za Kongo ya Wabelgiji za mwaka 1944, zenye picha ya ndovu, zina uzito wa gramu 17.5, nusu ikiwa fedha. Somalo ya Somalia ya mwaka 1950 ilikuwa robo fedha kama shilingi yetu.

Mpaka hapa tumezungumza lugha ya sonara. Mkusanyaji hutazama mambo mengine. Yeye huishika sarafu kwa ukingo, huigeuza kwenye mwanga, na huanza na sehemu zilizoinuka, kwa sababu hizo ndizo zinazoguswa kwanza na vidole, mifuko na meza za duka. Katika shilingi ataangalia manyoya ya simba na taji ya mfalme. Katika rupia ya Victoria ataangalia shavu na nakshi za vazi. Katika reale ataangalia nywele za malkia na manyoya ya kifua cha tai. Wamarekani hutumia alama kutoka 1 hadi 70, kwa utaratibu uliopendekezwa na William Sheldon mwaka 1949. Waingereza hutumia maneno. Sisi hatuna istilahi zilizokubaliwa, nami napendekeza kwa walimu wenzangu maneno manne ya kuanzia: iliyosagika, ambayo sura yake imebaki kivuli, iliyotumika, ambayo maandishi yote yanasomeka lakini nakshi ndogo zimelika, iliyotumika kidogo, ambayo imelika kwenye ncha tu, na isiyotumika, ambayo haikupata kuzunguka mikononi. Atakayeyapata yaliyo bora na ayalete.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba uchakavu hula fedha kidogo lakini hula bei nyingi. Rupia iliyosagika hata uso wa malkia ukafutika huwa imepoteza aghalabu sehemu chache tu katika mia za uzito wake. Sonara atailipa karibu sawa na mpya. Kwa mkusanyaji tofauti ni kubwa mno, na sababu yake ni rahisi. Sarafu zetu hazikuwekwa kabatini. Shilingi moja ililipa kodi, ikalipa mshahara, ikanunua chumvi, ikarudi kulipa kodi tena, kwa miaka 20 au 30. Zilizobaki zikiwa zimesagika ni nyingi. Zilizobaki bila kuguswa ni chache sana. Ndiyo maana shilingi ya mwaka 1925, yenye fedha ya gramu 1.94 tu, ikiwa imesagika haina maana kubwa kwenye mizani ya kwanza wala ya pili. Ikiwa haikutumika, mizani ya pili huiinua peke yake.

Tundu nalo lina hesabu yake. Reale nyingi zilitobolewa au kuunganishwa kipete ili zivaliwe shingoni, maana shingo ya mama ilikuwa benki ya nyumba. Sonara hajali, atapunguza kile kilichotoka tunduni na risasi ya kuungia. Mkusanyaji wa sarafu ataikataa au ataishusha sana. Lakini senti 10 na senti 5 za Afrika Mashariki zilipigwa zikiwa na tundu katikati ili watu wazitunge kwenye uzi, na tundu hilo si ila. Mtu asije akalizibua au akaliziba.

Tuchukue mfano, wa kubuni tu, ili tuone mizani hizi zikifanya kazi. Mama mmoja wa Nakivale ana kitambaa alichokifunga miaka mingi iliyopita. Ndani yake mna reale iliyotobolewa aliyoachiwa na bibi yake, rupia moja ya Victoria, faranga 50 za ndovu, shilingi moja ya mwaka 1937, na senti 10 ya tundu. Ada ya shule imefika, naye anapanda gari kwenda Mbarara mjini. Sonara anaisukuma senti pembeni, anazikusanya nne nyingine kwenye sahani ya mizani, anapata gramu 65. "Mama," anasema, "hizi za zamani hazikuwa fedha safi. Nitakuhesabia nusu." Mama anapiga moyo konde na kukubali, kwa sababu neno la sonara lina ukweli ndani yake: si safi. Basi analipwa kwa gramu 32 na nusu.

Lakini fedha iliyomo ndani ya zile nne, kwa vipimo tulivyovitaja, ni gramu 23.39 na 10.69 na 8.75 na 1.94, jumla gramu 44.77. Mama ameacha mezani gramu 12, zaidi ya fedha yote iliyomo ndani ya rupia yake. Simwiti sonara huyo mwizi. Yeye hana kitabu cha sarafu, ana gharama ya moto, ana hofu ya kuuziwa bandia, na huenda kweli hajui kwamba rupia ni 11 katika 12. Kosa lilikuwa kuziweka pamoja. Sarafu nne za usafi wa namna nne zilihesabiwa kama kitu kimoja, na anayefaidika na kuchanganya huko mara nyingi ni mnunuzi. Laiti mama angezitenga nne mafungu manne na kuuliza bei ya kila moja, mazungumzo yangekuwa mengine. Waswahili husema mficha uchi hazai. Wenye sarafu wengi wanaogopa kuuliza wasije wakaonekana wana mali, na woga huo huwagharimu.

Kuna mtego mwingine katika hesabu hiyo, nao ni wa lugha. Bei ya fedha inayotangazwa ulimwenguni huhesabiwa kwa wakia, lakini wakia hiyo ni ya gramu 31.1, si wakia yetu ya zamani iliyokuwa uzito wa reale, wala si ile ya mizani ya jikoni, ambayo ni gramu 28.35. Mwenye reale akidhani kwamba ana wakia moja ya fedha amejipunja mara mbili, mara moja kwa uzito na mara ya pili kwa usafi: anacho robo tatu tu ya wakia ya soko. Ni heri kuhesabu kwa gramu tangu mwanzo.

Na bei hiyo haitulii. Mnamo Januari 1980, ndugu wa ukoo wa Hunt wa Texas walipokuwa wamejilimbikizia fedha nyingi kupita kiasi, wakia moja ilikaribia dola 50. Kabla ya mwisho wa Machi mwaka huohuo ilikuwa imeanguka vibaya. Oktoba 2025 ikakipita tena kiwango hicho cha dola 50. Nyakati kama hizo mizani ya sonara huishinda ile ya mkusanyaji, na sarafu nzuri huingia motoni pamoja na mbaya. Mtu anayelazimika kuuza hana la kufanya. Anayeweza kungoja na atenge kwanza zile ambazo hazikuchakaa, hata kama sonara anamwambia kwamba hazina tofauti.

Yatubidi sasa tuseme juu ya kusafisha, maana huko ndiko hasara nyingi hutokea, tena kwa nia njema. Fedha ikikaa hewani hushika weusi. Mwenye sarafu anayetaka kuiuza huona aibu kuipeleka ikiwa hivyo, akaisugua kwa jivu, mchanga laini, au limau na chumvi, mpaka ing'ae. Kwa bangili ni vyema. Kwa sarafu ni msiba. Weusi ule ni tabaka jembamba sana, na mkusanyaji huupenda, kwa kuwa unaonyesha kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Msuguo huacha mikwaruzo midogo isiyofutika, na sarafu iliyokuwa "iliyotumika kidogo" hushuka daraja kwa asubuhi moja. Sarafu za robo fedha huumia zaidi, kwa sababu zilipokuwa mpya uso wake ulifanywa mweupe kuliko tumbo lake. Ukiusugua, wekundu wa shaba hutokea. Iliyotoka ardhini na ioshwe kwa maji tu, ikaushwe kwa kugonga polepole kitambaa laini, iwekwe ndani ya karatasi kavu peke yake.

Kutambua fedha bila kuikwaruza kunawezekana, na walimu wa sayansi wanaweza kutusaidia. Sumaku haivuti fedha. Ikivuta, hiyo si fedha, lakini isipovuta haijathibitisha kitu, kwa maana shaba nayo haivutwi. Njia iliyo bora ni ya maji: sarafu ipimwe uzito ikiwa kavu, kisha ipimwe ikiwa imening'inizwa majini kwa uzi, na uzito wa kwanza ugawanywe kwa tofauti ya hizo mbili. Fedha safi hutoa 10.5. Rupia itoe kama 10.3, na reale kama 10.2. Mchanganyiko wa shaba na nikeli hutoa kama 8.9. Mizani ya maabara ya shule ya sekondari inatosha kabisa kwa kazi hiyo, na wanafunzi hufurahi kuona kwamba Archimedes anaweza kumsaidia mama aliyeko sokoni.

Zaidi ya hayo mwenye sarafu na aandike. Karatasi ndogo yenye jina la kijiji ilikotoka, aliyekuwa nayo, na iliyokuwa ikinunua nini, haiongezi hata chembe ya fedha, lakini kwa jumba la makumbusho kama lile la Igongo, huko Biharwe karibu na Mbarara, sarafu yenye maelezo ni kitu kingine kabisa. Rupia zinafanana zote. Rupia iliyolipiwa mahari Bukanga au iliyovushwa Mto Kagera usiku haina mwenziwe.

Imebaki ile senti 10 iliyosukumwa pembeni. Ni ya shaba nyekundu, haina fedha hata kidogo, na sonara alikuwa na haki ya kuikataa. Mwaka wake ukiwa ni 1936, yafaa isomwe jina lililoizunguka. Baadhi zina jina la George wa Tano, aliyefariki Januari mwaka huo. Lakini nyingine zina jina la Edward wa Nane, aliyetawala tangu siku hiyo hadi Desemba, akajiuzulu kabla hajatawazwa. Huko Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikupata kutolewa kwa matumizi ya kawaida. Hapa kwetu senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu mahali ambapo sura ingekaa, hapakuwa na haja ya kungoja mchoro wa uso wake, zikapigwa kwa wingi zikaingia madukani. Kwa kuwa ni nyingi, bei yake ikiwa imesagika ni ndogo, pengine ya soda moja. Ikiwa bado ina wekundu wake wa kwanza, bei hupanda mara kadhaa.